Kutoboa Matundu Kwenye Kasiba ya Bunduki: Faida Zake na Hasara Zake

Mtu apigaye bunduki kubwa hupatwa na mambo mawili kwa mara moja: kitako humsukuma begani kwa nguvu, na mdomo wa kasiba huruka juu. Mafundi wa bunduki wamebuni njia nyingi za kupunguza nguvu hiyo, na mojawapo ni kutoboa matundu madogo kasibani, karibu na mdomo. Njia hii ina wasifiaji wengi. Lakini katika kaunti za kando ya Ziwa Victoria, kama Homa Bay, ambako kazi ya bunduki kubwa ni ya askari wa wanyamapori, yafaa kuipima kwa kazi yenyewe kabla ya kuisifu.

Kwanza ifahamike jinsi matundu yanavyofanya kazi. Baruti iwakapo hugeuka kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi, na hewa hiyo ndiyo isukumayo risasi. Risasi itokapo, hewa huifuata kwa kasi kubwa kuliko kasi ya risasi yenyewe, nayo huisukuma bunduki nyuma kama vile chombo cha maji kinavyosukumwa na kasia. Matundu huitoa sehemu ya hewa hiyo juu au kando kabla haijafika mdomoni. Ikitoka juu, huikandamiza kasiba chini, nayo haipandi sana; basi mpigaji huweza kuirudisha shabaha yake upesi na kupiga mara ya pili. Hiyo ndiyo faida kubwa, wala si ndogo kwa mtu akabiliwaye na mnyama aliyejeruhiwa.

Kuhusu bega, watu hutumaini mengi kupita kiasi. Katika bunduki ya .303, iliyotumiwa miaka mingi na askari wa King's African Rifles, risasi ina uzito wa gramu 11 hivi na baruti yake gramu 2 na nusu. Ukipiga hesabu, hewa ya baruti huleta karibu robo tu ya nguvu irudiyo begani. Iliyobaki yote huletwa na risasi, na risasi haijali matundu. Katika bunduki ya .458, iliyotolewa na kampuni ya Winchester mwaka 1956 na kupata sifa Afrika kwa wanyama wakubwa, risasi ina gramu 32, na sehemu ya hewa hushuka hadi karibu moja ya tano. Katika bunduki ya marisau huwa ndogo zaidi. Kwa hiyo bunduki ile ile imwumizayo mtu zaidi huenda ndiyo isaidiwayo kidogo.

Sasa zitazamwe hasara. Kiboko hutoka ziwani usiku kula majani, na mara nyingi ni usiku huo huo aingiapo mashambani na kuwatisha watu wa pwani ya ziwa. Askari aitwaye kumzuia hufanya kazi gizani. Matundu yatoayo hewa juu hutoa pia mwako wa moto mbele ya macho ya mpigaji, na kwa muda kidogo haoni kitu. Kasiba yake imetulia kweli, lakini hajui kiboko amekwenda wapi! Mchana, askari akilala chini wakati wa kiangazi, matundu ya kando huweza kutimua vumbi na kuficha alichokuwa akikitazama.

Kuficha mwako na kutuliza kasiba ni kazi mbili zisizopatana kwa urahisi. Bunduki fupi Namba 5, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1944, ilifungwa kikombe mdomoni ili kuuficha mwako. Lakini uzito wake ulikuwa kilo 3 na robo hivi, ilhali Namba 4 ilizidi kilo 4. Kwa wepesi huo iliwapiga askari mabegani hata wakailalamikia. Warusi katika bunduki yao ya AKM ya mwaka 1959 walichagua njia nyingine: waliukata mshazari mdomo wa kifaa kidogo cha kufungwa, ili hewa iisukume kasiba chini na kando. Kifaa cha namba hiyo kina faida moja ambayo matundu hayana: kisipofaa, hufunguliwa. Tundu lililokwisha tobolewa halizibiki, na likiacha makovu ndani ya kasiba, bunduki iliyokuwa ikilenga vema huharibika.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya masikio. Mshindo wa ghafula wa desibeli 140 watosha kuyadhuru, na bunduki kubwa hupita kiasi hicho hata bila matundu. Matundu huuleta mshindo karibu na mpigaji na kuutupa kando. Askari wa wanyamapori hawatembei mmoja mmoja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, ndani ya Bonde la Lambwe, ambako korongo wa mwisho wa Kenya hulindwa, doria hupita katika nyasi ndefu na wenzi husimama karibu karibu. Anayepata nafuu ya bega ni mwenye bunduki. Anayeumia sikio ni mwenzake, ambaye hakuulizwa. Na sikio lililokufa kwa mshindo halifufuki, hali askari wa porini hulitegemea kama alitegemeavyo jicho.

Kwa kazi hiyo, basi, matundu hayastahili gharama yake. Yanafaa zaidi kwa mtu apigaye shabaha peke yake uwanjani, mchana, amevaa vifuniko vya masikio. Raia mwenye hati ya bunduki naye asidhani kwamba mhunzi wa sokoni aweza kumtobolea: kazi ya silaha nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu mwaka 1977.

Aumizwaye begani ana dawa nyingine zilizo rahisi. Kitako kifungwe mto wa mpira, na urefu wake ulingane na mkono wa mpigaji. Kitako kikikaza vema penye nyama ya bega, maumivu hupungua sana. Bunduki nzito kidogo humpiga mtu kidogo. Na akijizoeza, aanze na risasi za nguvu ndogo, masikio yake yakiwa yamezibwa, na ya wenzake pia.