JE, IKO PETE ILIYOPOTEA?
Funzo juu ya mifupa ya kale na imani yetu



Huenda mmekwisha kusikia watu wakibishana juu ya jambo hili. Mmoja, aliyesoma kidogo, husema: «Wenye elimu wameonyesha kwamba viumbe viligeuka polepole tangu zamani, basi Mungu Muumba ni hadithi tu.» Mwingine hujibu kwa hasira: «Uongo! Mnyororo wenu umekatika. Pete ya katikati haijaonekana kamwe. Kwa hiyo Mungu yupo.» Mkatekumeni anayewasikiliza hufadhaika, akajiuliza kama yampasa kuchagua kati ya ubatizo na elimu. Leo tutaona kwamba wote wawili wamekosa. Tena yule wa pili, ingawa ataka kuitetea imani, ameiweka mahali pa hatari.

1. Maana ya neno hili

Kiumbe kikifa, kwa kawaida huoza kikaisha. Lakini mara chache hufunikwa upesi na matope au mchanga. Miaka mingi sana ikipita, matope yale hugeuka mwamba, na mifupa nayo huwa kama jiwe. Mabaki hayo huitwa visukuku. Kwa kuwa tabaka la chini kwa kawaida ni la zamani kuliko lile lililo juu yake, mwenye kuchimba husoma habari za dunia kama mtu asomaye kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu, akafundisha kwamba aina za viumbe zimetokana na aina nyingine zilizotangulia, kwa mabadiliko madogo madogo. Watu wakauliza: Kama ndivyo, viko wapi viumbe vya katikati? Darwin mwenyewe alikiri kwamba visukuku vilivyojulikana wakati ule havikutosha. Kile kisichoonekana kikaitwa «pete iliyopotea», kana kwamba viumbe vyote ni mnyororo mmoja.

2. Yaliyopatikana

Haikupita miaka mingi. Mwaka 1861, katika machimbo ya mawe ya chokaa huko Solnhofen, nchi ya Ujerumani, walipata kiumbe kilichoitwa Archaeopteryx. Kilikuwa na mabawa na manyoya kama ndege. Lakini kilikuwa pia na meno, na makucha katika mabawa, na mkia mrefu wa mifupa kama wa mjusi. Kiliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Habari ya pili yafaa kuangaliwa zaidi. Wataalamu Neil Shubin, Edward Daeschler na Farish Jenkins walitaka kujua jinsi wanyama wa miguu minne walivyotokea. Katika miamba ya miaka milioni 380 na zaidi ilikuwa imepatikana mifupa ya samaki. Katika miamba ya miaka milioni 365 hivi, mifupa ya wanyama wenye miguu. Basi wakatafuta miamba yenye umri wa katikati, wakaiona katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, penye baridi kali. Walikwenda mara kadhaa bila kupata walichokitaka. Mwaka 2004 wakakipata.

Wazee wa Wainuiti, wenyeji wa nchi ile, walikipa jina la Tiktaalik, yaani samaki mkubwa wa maji baridi. Kilikuwa na magamba na mapezi kama samaki. Lakini kichwa chake kilikuwa bapa kama cha mamba, na shingo yake iliweza kugeuka. Ndani ya mapezi yake mlikuwa na mfupa wa mkono wa juu, na mifupa miwili ya chini ya kiwiko, na vifupa vya kifundo. Umri wake ni miaka milioni 375 hivi. Wala msistaajabu: hata leo katika mito na maziwa ya Kongo yuko samaki mwenye mapafu, apumuaye hewa na awezaye kujizika katika matope wakati wa kiangazi.

Je, Tiktaalik ndiye babu hasa wa wanyama wote wenye miguu minne? Wenye elimu hawasemi hivyo. Mkionyeshwa msituni kaburi la zamani lenye alama ya ukoo wenu, mtajua kwamba wazee wenu walipita hapo, ingawa labda aliyezikwa si babu yenu mzazi bali ni ndugu yake. Ndiyo maana mfano wa mnyororo haufai. Mfano wa mti wenye matawi mengi wafaa zaidi.

3. Na mtu je?

Mwaka 1974 huko Hadar, nchi ya Uhabeshi, ilipatikana mifupa ya kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 3,2 iliyopita. Alitembea kwa miguu miwili kama sisi, lakini ubongo wake ulikuwa mdogo, karibu sawa na wa sokwe. Wakampa jina la Lucy. Wataalamu hawasemi kwamba mtu amezaliwa na sokwe wa leo; wasema kwamba mwili wa mtu na mwili wa sokwe una asili moja ya zamani sana.

Kanisa lafundisha nini? Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka Humani Generis, aliwapa ruhusa wenye elimu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe hai kilichotangulia. Lakini akafundisha kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe, moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba elimu hii ya mageuzi si tena dhana tu. Roho haina mfupa. Haichimbwi kwa jembe.

4. Hatari ya kujenga juu ya pengo

Asemaye «Mungu yupo kwa sababu pete haijaonekana» atasema nini siku pete ikionekana? Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alikwisha kuwaonya Wakristu wasiseme ovyo juu ya mambo ya dunia, wapagani wenye elimu wasije wakawacheka na kuyadharau Maandiko Matakatifu.

Mungu hakai katika matundu ya elimu yetu. Yeye ndiye asili ya vyote: vile tunavyovifahamu na vile tusivyovifahamu bado. Kila mmoja wenu alikua miezi tisa tumboni mwa mama yake, polepole, kwa njia ambazo mkunga azijua. Je, kwa sababu hiyo Mungu hakukuumba? Amekuumba hakika. Basi, aliyeweza kukuumba kwa miezi tisa aweza kuumba kwa miaka milioni nyingi.

5. Maswali na majibu

Visukuku ni nini?
Ni mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika miamba.

Je, viumbe vya katikati vimepatikana?
Ndiyo, vingi, kama vile Archaeopteryx na Tiktaalik.

Je, vyapinga imani?
Hapana. Vyaonyesha jinsi viumbe vilivyotokea. Imani yatufundisha ni nani aliyeviumba na kwa ajili gani.

Roho ya mtu yatoka wapi?
Yatoka kwa Mungu, aiumbaye moja kwa moja.

Kusudi la juma hili: Mtu akikuuliza juu ya mambo haya, usikasirike, wala usiseme usilolijua. Mjibu kwa upole yale uliyojifunza. Kisha umshukuru Mungu kwa ajili ya mwili wako na roho yako.