Kwa Nini Lori Hupimwa Ekseli kwa Ekseli?

Wakazi wengi huuliza: lori halijapita tani 56, mbona limezuiwa kwenye mizani ya Mariakani au Gilgil?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ina vipimo viwili. Kwanza, uzito wa lori pamoja na mzigo: lori kubwa lenye ekseli 7 lisizidi tani 56, na lenye ekseli chache hubeba pungufu. Pili, kila ekseli ina kikomo chake. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu manne ni tani 10.

Uharibifu wa barabara hupanda haraka kuliko uzito. Kwa makadirio ya wahandisi, ekseli ya tani 12 huumiza lami takriban mara 2 ya ile ya tani 10. Ya tani 20, mara 16.

Kwa hivyo, unapopakia mchanga, mawe au mahindi, sambaza mzigo; usiurundike upande mmoja. Pesa za kuziba mashimo zingeweza kutengeneza barabara ya kwenda sokoni au zahanati.