Darubini ya Macho Mawili: Namna ya Kuichagua

Katika Delta ya Rufiji, mkulima akeshaye dunguni hulinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na viboko. Wanyama hao hutoka hasa wakati wa nuru haba, kuanzia magharibi hadi alfajiri. Katika delta hiyo hiyo, iliyomo ndani ya eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa lililotambuliwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, mwanafunzi huweza kuhesabu ndege wahamao akiwa ndani ya mtumbwi uyumbao. Darubini ya bei ya wastani yaweza kuwafaa wote wawili, ila haina budi kuchaguliwa kwa hesabu, si kwa kuvutiwa na tarakimu kubwa.

Maana ya tarakimu

Darubini huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: kiboko aliye umbali wa mita 400 huonekana kana kwamba yuko mita 50. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kipenyo kikigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwali wa nuru utokao kuelekea jichoni:

10x25: milimita 2.5
10x42: milimita 4.2
8x42: milimita 5.25
7x50: milimita 7.1

Mboni ya jicho la kijana hutanuka gizani hadi karibu milimita 7. Kwenye nuru kali hunywea hadi milimita 2 au 3. Kwa hiyo adhuhuri darubini zote nne hutosha. Magharibi, ile ya 10x25 hulinyima jicho nuru, na mlinzi huenda asitambue kama weusi ulio ukingoni ni gogo au ni kiboko. Kosa hilo laweza kugharimu maisha.

Ukuzaji na mtikisiko

Darubini hukuza pia mtikisiko wa mikono. Aidha, kwa kawaida ukuzaji ukizidi, eneo lionekanalo hupungua, hata ndege arukaye akapotea upesi. Darubini ya 7x50 hutoa nuru nyingi, lakini mara nyingi uzito wake hukaribia kilo moja au kuzidi. Kwa kazi mchanganyiko, 8x42 ni ya wastani mwema.

Kupima dukani

Darubini mbili zenye tarakimu sawa huweza kutofautiana. Kwa hiyo mnunuzi apime yafuatayo:

1. Aishike mbali na uso, akiielekeza kwenye ukuta mweupe. Miduara ya nuru katika lenzi za jicho iwe mviringo kamili; kingo zilizokatika ni dalili ya miche ya kioo hafifu.
2. Atazame nguzo ya mbali. Macho yote mawili yaone taswira moja, bila kuumwa.
3. Aulize kama imezibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, kwa kuwa unyevu wa pwani huotesha kuvu juu ya lenzi.

Onyo: Kulitazama jua kwa darubini hupofusha.

Zoezi

Shule ina darubini mbili: 8x32 na 10x50.
(a) Tafuta upana wa mwali wa nuru wa kila moja.
(b) Ipi ifaayo dunguni alfajiri, na ipi mtumbwini mchana? Toa sababu.