Bima ya Safari ya Meli: Siku ya Arubuni, Si Siku ya Kupanda

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Zamani mtu wa Kisauni akiiona meli ya watalii imefunga Kilindini alijua ndani mna wageni, na shughuli yake yeye ilikuwa kuwauzia vinyago au kuwaendesha kwa teksi. Siku hizi mambo yamechanganyika. Kijana yuko Doha au Dubai, ameweka akiba, anampigia simu mamake Mtopanga: "Mama, Desemba nakuleta huku, tupande meli siku saba." Chama cha akina mama wa Mtongwe kimechanga mwaka mzima, na safari hii hawataki masufuria. Waliostaafu bandarini wana kiinua mgongo, wanataka kuona upande wa pili wa bahari waliyoipakulia mizigo maisha yao yote.

Ajenti wa safari hukueleza vyakula, vyumba na mabwawa ya kuogelea. Bima huitaja mwisho, kama chumvi mezani: ukitaka, ipo. Basi wengi huinunua siku mbili kabla ya kuondoka, na wengine kwenye simu wakiwa foleni ya uwanja wa ndege pale Port Reitz. Kwa kufanya hivyo hununua nusu ya bima kwa bei ya bima nzima.

Nusu gani hiyo wanayoipoteza?

Bima ya safari ina kazi mbili, na kila moja ina tarehe yake ya kuanza. Ya kwanza ni kukutibu, kukurudisha nyumbani na kukulipia mzigo uliopotea. Hiyo huanza ukishaondoka. Ya pili ni kukurudishia pesa ulizokwisha kulipa endapo jambo zito litakuzuia kusafiri: umelazwa, mzazi amefariki, ajali imekuvunja mguu. Hiyo huanza kufanya kazi tangu siku uliyoinunua. Ukiinunua tarehe 18 ilhali unaondoka tarehe 20, umepata kinga ya siku mbili kwa hatari uliyoibeba labda miezi tisa tangu ulipotoa arubuni.

Na bei? Kwa kawaida kampuni hupima umri wako, idadi ya siku, unakokwenda na thamani ya safari. Kununua mapema hakukugharimu zaidi. Hapa ndipo tunaposhangaa: watu hawahawa wanaobishana na mwenye tuktuk kwa shilingi ishirini huiacha miezi tisa ya kinga ipite bure.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Mtopanga analipa arubuni ya shilingi 60,000 mwezi wa Machi. Salio la 240,000 analimaliza Septemba. Meli inaondoka katikati ya Desemba. Mkataba wa meli, katika zile kurasa ambazo ajenti hakuzisoma, una ngazi: ukighairi mapema unapoteza arubuni tu, kadiri siku zinavyokaribia unapoteza robo, nusu, robo tatu, wiki mbili za mwisho unapoteza yote. Kampuni nyingi za meli zina ngazi ya namna hii, ingawa hesabu zake hutofautiana. Sasa Novemba 28 mama anapandwa na presha na kulazwa. Kama bima ilinunuliwa Machi, kuna dai la kupeleka, ikiwa maradhi aliyatamka wakati wa kununua. Kama alipanga kuinunua "wiki ya safari", hana cha kudai, kwa sababu hakuna anayeikatia bima nyumba inayowaka.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: nunua bima siku ambayo pesa isiyorudi inatoka mkononi mwako. Mara nyingi ni siku ya arubuni. Lakini si lazima. Kama arubuni inarudishwa yote mpaka tarehe fulani na bado hujakata tiketi ya ndege, unaweza kungoja mpaka tarehe hiyo. Iandike ukutani. Na kila unapoongeza malipo, mjulishe mwenye bima, maana bima ya safari ya shilingi 60,000 haitakulipa laki tatu.

Habari ikishatangazwa, mlango umefungwa

Bima hulipa kwa jambo ambalo siku ya kununua halikuwa likijulikana. Tuna mifano ya hapa kwetu. Oktoba 2022 chama cha marubani wa Kenya Airways kilitoa notisi ya mgomo. Mgomo wenyewe ulianza tarehe 5 Novemba na abiria wakakwama. Agosti 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege walitoa notisi yao, na Septemba 11 shughuli za Jomo Kenyatta, Nairobi, zikasimama. Aliyenunua bima baada ya notisi, akidhani amewahi, alinunua huku habari ikiwa kwenye redio. Katika bima nyingi, mgomo uliokwisha kutangazwa haulipwi.

Korona ilitufunza somo hilo kwa ukali zaidi. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Februari 27 Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa watokao nje. Machi 25 Kenya ikafunga ndege za abiria za kimataifa, na hazikurudi mpaka Agosti 1. Watu waliokimbilia bima mwezi wa Machi walikuta kampuni zimekwisha kuandika korona katika orodha ya yasiyolipwa.

Kabla ya kuipanda meli, kuna feri

Meli nyingi ambazo familia zetu hupanda hazianzii Mombasa. Zinaanzia Dubai, Durban au Barcelona. Kwa hiyo safari ya meli ya mtu wa Likoni ina vivuko vitatu: feri, ndege, kisha meli yenyewe, na meli haikungoji kwa sababu feri moja ilikuwa karakana. Wa Kisauni ana daraja la Nyali na msongamano wake. Wa Changamwe anaishi ubavuni mwa uwanja wa ndege, na hata yeye malori ya bandarini humfanya atoke nyumbani saa tatu kabla.

Uliza wazi: "Nikikosa ndege kwa sababu ya feri au foleni, mnalipa?" Bima nyingine hulipa chombo cha usafiri wa umma kikiharibika, nyingine hutaka uthibitisho wa maandishi, nyingi hazilipi foleni ya kawaida ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua. Kwa hili dawa bora kuliko bima ni kufika mji wa bandari siku moja kabla ya meli. Wa Likoni mwenye gari au anayekodi anaweza pia kupita barabara ya Dongo Kundu asiione feri kabisa.

Na ukishuka katika bandari za njiani, tazama saa ya meli, si ya simu yako. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe kisiwani São Tomé. Meli iliwaacha. Walizunguka nchi kadhaa za Afrika wakiifuata mpaka wakaipata Dakar. Mwezi mmoja kabla, Februari, meli hiyohiyo ilikatazwa kutia nanga Port Louis, Mauritius, kwa hofu ya kipindupindu. Vipimo vilionyesha si kipindupindu, lakini abiria waliokuwa na tiketi za ndege za siku ile tayari walikuwa wameshachelewa.

Meli inayobadilisha njia si jambo geni kwa bahari yetu. Novemba 2005 Seabourn Spirit iliyokuwa ikielekea Mombasa ilishambuliwa na maharamia pwani ya Somalia, ikageukia Ushelisheli. Februari 2012 Costa Allegra iliungua chumba cha injini, ikapoteza umeme, ikavutwa na meli ya uvuvi mpaka Mahé. Mkataba wa meli karibu kila mara humpa nahodha haki ya kuruka bandari bila kukulipa. Bandari iliyorukwa hulipwa na bima chache, kiasi kidogo. Usinunue bima kwa ajili ya hilo.

Inunue kwa ajili ya daktari. Zahanati ya meli inatoza, na bili huandikwa kwenye akaunti ya chumba chako. Ugonjwa ukiishinda, helikopta ya kukutoa baharini hugharimu maelfu ya dola. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, si bima ya safari. Usiitegemee katikati ya bahari. Katika karatasi ya bima tafuta maneno mawili: kusafirishwa kwa dharura ya matibabu, na kurudishwa nyumbani, hai au maiti. Kama neno "meli" halimo, uliza kama safari ya baharini imehesabiwa, maana bima nyingine huitaka ilipiwe zaidi.

Wazee na maradhi ya zamani

Hapa ndipo madai mengi hufia. Presha, sukari, pumu, moyo: yataje yote, hata yale yaliyotulia. Watoto huyaficha maradhi ya wazee wao ili bei ishuke. "Mama haumwi, ni presha kidogo tu." Kampuni ikipokea bili ya hospitali huomba faili la kliniki, na ile presha kidogo itaonekana imeandikwa miaka sita nyuma.

Umri nao una ukomo, na kila kampuni ina wake. Kwa wengine bei hupanda ghafla baada ya miaka 65 au 70. Mjue mzee wako yuko upande gani wa mstari siku ya kurudi, si siku ya kununua tu. Na bima nyingi zinazouzwa hapa hutaka msafiri awe bado yuko Kenya anaponunua. Ukishafika Dubai umechelewa.

Wakati wa kutonunua, au kutonunua mara mbili

Anayekwenda Umra: viza ya Umra huja na bima ndani yake, nayo hufanya kazi ndani ya Saudi Arabia. Kama umeongeza siku Dubai au Istanbul, au meli, bima hiyo haizihusu siku hizo.

Anayeomba viza ya Schengen kwenda kwa dada au shemeji Ujerumani: ubalozi hutaka bima ya matibabu na kurudishwa nyumbani isiyopungua yuro 30,000. Hapo tarehe ya kununua inaamuliwa na ombi la viza. Nunua inayorudisha pesa viza ikikataliwa, na usidhani bima hiyo ya ubalozi italipa meli uliyoghairi. Nyingi ni za matibabu tu.

Safari ya bei ndogo ambayo kuipoteza hakutakuumiza, kwa jamaa walioko karibu na hospitali, haihitaji bima ya kughairi. Tunalisema hili ingawa wauzaji hawalipendi.

Wanaosita kwa sababu ya dini waulize kuhusu takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Kampuni ya kwanza ya aina hiyo Kenya ilianza 2011. Mashekhe wetu hawajawa na kauli moja kuhusu bima ya kawaida, na kijitabu hiki hakitawaamulia.

Pia kuna mambo ambayo hakuna bima itakayoyafunika: pasi yenye uhai chini ya miezi sita, na kukosa kadi ya manjano ya chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kudungwa. Ukizuiwa kupanda kwa kukosa kadi, hasara ni yako.

Kulipa

Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya malipo kupokewa. Kwa hiyo ajenti anayekuambia "nitakuwekea, utanitumia mwisho wa mwezi" hajakuwekea kitu. Lipa kwa nambari ya kampuni, si ya mtu, na usilale kabla ya kupata hati yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Kampuni na maajenti wote husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Orodha yao iko wazi kwa umma, na IRA ndiyo inayopokea malalamiko kampuni ikikuzungusha.

Kwa vijana wanaokwenda kufanya kazi melini

Ninyi si abiria, na bima ya safari haiwahusu. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2014. Chini yake mwenye meli ndiye anayebeba matibabu yako ukiwa kazini na gharama za kukurudisha nyumbani, na tangu Januari 2017 lazima awe na dhamana ya fedha kwa ajili ya mabaharia waliotelekezwa, cheti chake kikibandikwa melini mahali pa kuonekana. Mkataba huo pia unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anayekuomba pesa ya "bima ya meli" kabla ya mkataba wa kazi, mpeleke kwanza kwa Kenya Maritime Authority hapahapa Mombasa akaulizwe leseni yake.

Kwa wengine wote: piga picha hati ya bima, mwachie nakala anayebaki nyumbani, na ile nambari ya simu ya dharura iandike kwa kalamu ndani ya jalada la pasi. Simu huzama, huibiwa na huisha chaji. Ukilazwa ugenini, nambari hiyo ipigwe kabla ya kulipa chochote, maana bima nyingi hukataa bili ambazo hazikuarifiwa mapema.