Wageni wa Sikukuu na Pumziko la Mwenyeji

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mk 6:30–46, Neh. 13:15–22, Kut. 16:22–30, Kut. 23:12, Lk 10:38–42.

Fungu la kukariri: Kutoka 23:12. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, kisha uhesabu ni akina nani wanaotajwa humo.

SABATO MCHANA

Mwaka 2022 Siku ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba, iliangukia Ijumaa. Kwetu sisi watu wa ofisini hiyo ilikuwa zawadi: Ijumaa, Sabato na Jumapili, siku tatu mfululizo. Mimi na mke wangu, pamoja na familia mbili tunazosali nazo mjini Tanga, tulialikwa na rafiki zetu wa Malindi, juu kule Lushoto, wakulima wa karoti na kabichi. Juma lile lilikuwa zito. Ripoti zilijaa mezani, simu hazikukoma, na Alhamisi nilizima taa saa saba usiku. Nikajiambia kwamba Sabato hii nitapumzika kwelikweli. Sikujiuliza ni nani atakayepika.

JUMAPILI NA JUMATATU: Waliokosa nafasi ya kula

Soma Marko 6:30–34. Ni nini kilichowachosha wanafunzi? Yesu alifanya nini alipouona uchovu wao?

Walikuwa wametoka katika kazi njema. Walihubiri, waliponya wagonjwa, na watu waliingia na kutoka hata chakula kikawashinda kula. Yesu hakuwalaumu kwa kuchoka, wala hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita kando, mahali pasipo watu. Mfanyakazi anayetamani mwisho wa juma kwa hiyo asione haya. Bwana mwenyewe aliona kwamba mwili una kikomo.

Lakini makutano walizunguka kwa miguu wakawatangulia. Pumziko likaingiliwa na wageni, na wanafunzi waliokuja kuketi wakajikuta wanagawa mikate. Wengi wetu huishia hapo tunaposoma kisa hiki. Endelea mpaka fungu la 45 na 46. Baada ya watu kushiba, Yesu aliwatanguliza wanafunzi chomboni, naye akabaki kuaga mkutano. Kazi ya mwisho, ile ya kuwasindikiza wageni, aliichukua yeye. (Ni kweli kwamba ziwani nako walikutana na upepo wa mbisho, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Katika nyumba yako, ni nani anayebaki na kazi ya mwisho wakati wengine wametangulia kupumzika?

JUMANNE: Lango na lori

Soma Nehemia 13:15–22. Nehemia aliona bidhaa gani zikiingizwa Yerusalemu siku ya Sabato?

Orodha ile ingeeleweka haraka sokoni Lukozi: nafaka, zabibu, tini, na mizigo ya kila namna juu ya punda. Mahali pa punda weka lori. Mboga za Lushoto huliwa Tanga na Dar es Salaam, na mfanyabiashara anayetaka kuwahi soko la Jumamosi asubuhi atataka kupakia Ijumaa jioni. Nehemia hakungoja Sabato iingie ndipo aanze kugombana na watu. Alifunga malango giza lilipoanza kuingia, kabla ya Sabato, na wachuuzi wakalala nje mara moja au mbili.

Mwenyeji wetu alilijua jambo hili kwa hasara. Juma lile mnunuzi alimpigia simu akitaka karoti Ijumaa jioni. Alikataa, na mnunuzi akachukua kwa jirani. Hakung'oa hata moja. Aliziacha ardhini, kwa kuwa karoti iliyo ardhini hustahimili kuliko iliyokwisha kuoshwa. Jumapili aliuza kwa bei ndogo zaidi. Hakunihubiria juu ya hilo. Alilitaja tu tulipokuwa tukitembea shambani, kisha akanionyesha mfereji wa maji.

Naona ni rahisi kumsifu ndugu huyu, nami nilimsifu. Kumbe lango la nyumba yake lilikuwa limevunjwa kutoka upande mwingine, na tuliolivunja ni sisi.

JUMATANO NA ALHAMISI: Mwana wa mjakazi

Tuliahidi kufika saa sita mchana. Tuliondoka Tanga tumechelewa, kwa sababu niliamka nimechelewa. Tukapita Segera, Korogwe na Mombo, tukapanda Soni. Mjini Lushoto mtu mmoja akasema tusiiache Irente, tuone bonde lote chini. Mtu huyo alikuwa mimi. Picha zikachukua muda. Lukozi tukasimama tena kununua mboga, kana kwamba tunakokwenda hakuna mboga.

Milimani jua hujificha nyuma ya vilele mapema kuliko lizamavyo pwani, na baridi huja papo hapo. Tulifika wenyeji wakiimba wimbo wa kufungua Sabato. Chakula kilikuwa tayari tangu saa nane, nacho kilikwisha kupoa. Watu tisa tulihitaji kula, na kila mmoja alihitaji maji ya moto ya kuoga.

"Karibuni, poleni sana na safari," mama mwenye nyumba alituambia, akifurahi kweli. Kisha yeye na binti anayemsaidia kazi wakarudi jikoni kuwasha moto upya. Walitoka huko sisi tukiwa tumelala.

Soma Kutoka 16:22–30. Siku ya sita mana ilikuwa maradufu. Mama huyu alikuwa ameokota sehemu yake na yetu kwa wakati. Aliyeiharibu siku yake ya maandalio ni mgeni.

Kesho yake niliombwa kufundisha lesoni. Mada ilihusu pumziko, nami nilikuwa na maneno mengi. Nikauliza darasa, "Ni nani kati yetu aliyeonja pumziko la Mungu juma hili?" Mikono ikainuka. Bibi mmoja mzee, mama yake mwenyeji, akasema kwa upole, "Mwalimu, kamuulize yule aliyebaki na masufuria."

Nikatazama viti. Binti hakuwapo.

Soma tena Kutoka 23:12. Amri inamtaja ng'ombe na punda, kisha inawataja wawili ambao hatukuwafikiria tulipopanga safari: mwana wa mjakazi, na mgeni. Wote wawili wapate kuburudika. Fungu hili halimpi mgeni ruhusa ya kuburudika kwa jasho la mwana wa mjakazi. Linawaweka pamoja.

Tulipotoka ibadani nilimwomba radhi mama, na nikamwomba radhi binti pia. Alitazama chini, akasema, "Hakuna shida, mwalimu." Ni jibu la adabu. Sikuliamini, wala msomaji asiliamini upesi. Mchana ule tulikula viporo kama vilivyo, hakuna aliyewasha moto, na vyombo vilikaa mpaka Sabato ilipofungwa. Ndipo sisi wanaume watatu wa Tanga tukaviosha, vibaya kidogo, watoto wakitucheka. Binti aliketi na wenzake akiimba.

IJUMAA: Maswali ya kujadili

1. Katika Luka 10:38–42, Martha alikuwa na wageni wangapi, kwa kadiri unavyofikiri? Je, ingekuwaje kama mmoja wao angeinuka kumsaidia?

2. Familia inapanga kutembelea marafiki sikukuu inayoangukia Ijumaa. Katika darasa lenu kubalianeni: waondoke saa ngapi, wabebe nini, na wafanye nini wakiona wamechelewa njiani?

3. Mnunuzi anakuja na lori Ijumaa jioni, na ada ya shule haijalipwa. Kanisa lina wajibu gani kwa mkulima anayekataa kupakia?

4. Ni nani hayupo darasani leo kwa sababu anatuandalia chakula? Kabla ya kufunga kwa maombi, chagueni watu wawili waende kumwita.