Sura ya Rais Kwenye Stempu: Nani Huamua, na Mkazi wa Eastlands Ana Nafasi Gani?

Wakazi wengi wanaikumbuka sarafu ya shilingi 40. Ilitolewa Desemba 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ikiwa na picha ya Rais Mwai Kibaki. Sarafu ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa leo. Kifungu cha 231(4) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba noti na sarafu zinazotolewa na Benki Kuu ya Kenya zinaweza kubeba picha inayoonyesha Kenya au jambo fulani la Kenya, lakini zisibebe sura ya mtu binafsi. Ndiyo maana sarafu zilizotoka Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu mahali palipokuwa na marais.

Kifungu hicho kinataja noti na sarafu tu. Hakitaji stempu. Stempu za nchi hii hutolewa na Shirika la Posta la Kenya, na hakuna mahali katika Katiba panapolizuia Shirika hilo kuweka uso wa mtu juu ya kile kipande cha karatasi. Kwa hiyo stempu ni miongoni mwa vitu vichache vyenye thamani vinavyotolewa kwa jina la Kenya ambavyo bado vinaweza kumuenzi rais mstaafu, au aliyefariki, kwa sura yake. Swali la nani awekwe, lini, na aonyeshwe akifanya nini, halijafungwa kama lilivyofungwa kwa pesa.

Stempu ni risiti

Kabla ya 1840, nchini Uingereza, aghalabu aliyelipia barua ni mpokeaji. Rowland Hill alipendekeza mtumaji alipe mapema, kwa bei moja, na kipande cha karatasi chenye gundi kiwe uthibitisho wa malipo. Stempu ya kwanza ilitoka Mei 1840 ikiwa na kichwa cha Malkia Victoria. Tangu siku hiyo stempu imefanya kazi mbili: ni risiti, na ni tangazo la nani anatawala.

Stempu za kawaida huchapishwa tena na tena kadiri zinavyohitajika. Stempu za kumbukumbu ni tofauti. Hutolewa kwa ajili ya tukio au mtu fulani, kwa kiasi maalumu, na kikiisha kwa kawaida hazichapishwi tena. Siku ya kutolewa, Posta huuza pia bahasha za siku ya kwanza, yaani bahasha zilizobandikwa stempu mpya na kugongwa muhuri wa tarehe hiyo. Wakusanyaji huzitafuta sana. Hata hivyo stempu ya kumbukumbu si pambo tu. Ukiibandika kwenye barua, barua inakwenda.

Senti 30 mbili

Kwa miaka mingi Wakenya walituma barua kwa stempu zilizoandikwa majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zikiwa na mfalme au malkia wa Uingereza. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilitoa stempu zake yenyewe kwa mara ya kwanza. Zilikuwa 14, na nyingi zilionyesha kazi: ufugaji, uvuvi, pareto, kahawa, chai, bandari ya Mombasa. Ile ya senti 30 ilimwonyesha Jomo Kenyatta, na nyuma yake Mlima Kenya.

Hapa mwanafunzi wa historia atulie kidogo. Siku hiyo Kenyatta hakuwa rais. Alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi kisheria alikuwa bado Malkia Elizabeth. Malkia hayumo kati ya stempu hizo 14. Mwaka mmodi baadaye, 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa Jamhuri, zilitoka stempu nyingine tano, na ya senti 30 ilikuwa tena ya Kenyatta, safari hii akiwa Rais. Bei haikubadilika, mtu ni yuleyule, cheo ndicho kilichobadilika. Anayezilaza mbili hizo mezani anaona badiliko la Katiba bila kufungua kitabu.

Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978 akiwa madarakani. Kabla mwaka haujaisha, Posta ilitoa stempu za Siku ya Kenyatta, sikukuu ya tarehe 20 Oktoba ambayo sasa inaitwa Siku ya Mashujaa. Zilimkuta mhusika ameshazikwa. Mwaka 1988, kwa upande mwingine, zilitolewa stempu za miaka kumi ya enzi ya Nyayo, na Rais Daniel arap Moi alikuwa bado Ikulu, na alibaki humo hadi 2002. Mambo hayo mawili hayafanani. Stempu inayomsifu aliye madarakani hutolewa na shirika ambalo wakuu wake wako chini ya serikali yake. Ni vigumu kulitarajia lichague picha isiyompendeza.

Marekani ilikwepa tatizo hilo kwa desturi ya kusubiri. Rais anapofariki, stempu yake hutolewa kwa kawaida siku ya kuzaliwa kwake inayofuata. John Kennedy aliuawa Novemba 1963, stempu ikatoka 29 Mei 1964. George H. W. Bush alifariki Novemba 2018, stempu ikatoka 12 Juni 2019. Miezi hiyo michache haitoshi kuandika historia, lakini inatosha kuhakikisha kwamba mwenye picha hawezi kuamuru ipakwe rangi gani.

Eastlands na majina ya watu

Hakuna sehemu ya Nairobi inayoijua vizuri kazi hii ya kuenzi watu kama Eastlands. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zinamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Majina hayo yalitolewa na baraza la jiji la wakati wa ukoloni, katikati ya Hali ya Hatari, na baraza hilo lilikuwa na sababu zake za kutaka watu hao wakumbukwe. Baada ya uhuru ukaja mtaa wa Kimathi, wa Dedan Kimathi aliyenyongwa na wakoloni Februari 1957. Mtu anaweza kutoka Mbotela akafika Kimathi kwa miguu, akiwa amepita kati ya pande mbili za vita vilevile.

Sasa mfikirie Kibaki, aliyefariki Aprili 2022. Picha inayokuja haraka akilini ni ya Rais wa Tatu, ama akiapishwa Uhuru Park Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ama akitangaza Katiba mpya hapohapo Agosti 2010. Wazee wa Bahati wana picha nyingine. Kibaki aliingia Bunge mwaka 1963 kama mbunge wa Doonholm, eneo ambalo baadaye liliitwa Bahati, na leo ni Makadara. Mwaka 1969 alikitetea kiti hicho dhidi ya Jael Mbogo kwa kura chache, katika matokeo yaliyozua ubishi mkubwa. Mwaka 1974 alihamia Othaya. Miaka 11 ya kwanza ya maisha yake bungeni ni historia ya Eastlands, na mama aliyekaribia kumwondoa ni sehemu ya historia hiyo.

Stempu haina nafasi ya hayo yote. Ina upana wa vidole viwili. Lakini msanii huchora anachoelezwa, na kikaratasi cha maelezo kinachoambatana na stempu huandikwa na mtu fulani kutokana na habari alizonazo. Habari za mitaa zisipomfikia, zitabaki za Ikulu.

Mkazi afanye nini

Jambo la kwanza ni kujua mlango wa kubisha. Serikali ya Kaunti haiwezi kutoa stempu. Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za posta katika majukumu ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti imepewa maktaba na makumbusho, kwa hiyo maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ni mahali pa kuanzia kutafuta kumbukumbu.

Pendekezo lenyewe liandikiwe Shirika la Posta. Likiwa na tarehe, mahali na nakala ya picha ya zamani, lina uzito kuliko sifa tupu. Anayetaka kujua stempu zipi zimepangwa na nani anazichagua anaweza kuomba habari hizo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada ya kuliwasilisha, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kuandika ombi hilo na kumpa nakala.

Jibu lisiporidhisha, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni. Ombi hilo ni lazima lieleze juhudi zilizofanywa kwanza kwa ofisi husika, na liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Kwa sababu hiyo barua iliyopelekwa Posta, pamoja na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, isitupwe.