Glasi Iliyofanana na za Wengine

Somo la wiki
Andiko la msingi: Luka 22:54-62
Soma pia: Danieli 1:8-16, Nehemia 1:11 hadi 2:8, Yohana 21:9-17



Somo hili nalileta nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo. Mchungaji kiongozi aliniambia, "Kama umeshatubu, basi lifundishe." Nami nalifundisha.

Julai, wakati wa ile baridi yetu, wenzangu niliosoma nao digrii ya biashara waliandaa jioni ya kukutana katika hoteli moja ya kifahari mjini Meru. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Nilitoka Embu mchana, nikapita Runyenjes, nikavuka Thuci, kisha Chuka, Chogoria na Nkubu. Kusema ukweli, nilipovuka daraja la Thuci nilihisi kama nimeacha koti la uchungaji ng'ambo. Washirika wetu wa Meru wanajua jina langu kwenye kijarida hiki, lakini wengi sura hawaijui. Nikajiambia, huku ni nani ananijua?

Baa ya hoteli ile ni mahali pazuri, sitadanganya. Taa hafifu, viti vya ngozi, moto wa kuni unawaka uani, chupa zimepangwa ukutani kama vitabu vya maktaba. Wenzangu wakaagiza "dawa". Wale msioijua, dawa hii si ya hospitali. Ni vodka, ndimu, asali na barafu, pamoja na kijiti cha kukorogea asali. Ni kinywaji kilichopata sifa pale Carnivore, Nairobi, na leo hoteli nyingi za watalii wanacho. Glasi moja ilikuwa shilingi 900.

Mimi nilienda kaunta, nikamwambia mchanganyaji kwa sauti ya chini, "Nitengenezee kama yao, ila vodka usiweke." Glasi ikaja na ndimu yake na kijiti chake, ikifanana kabisa na za wengine. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Sikunywa pombe, lakini nilifurahi kwamba inafanana.

Mmoja akaniuliza, "Mhasibu, siku hizi uko wapi?" Hilo ndilo jina walilonipa chuoni. Nikajibu, "Niko na taasisi moja Embu, upande wa usimamizi." Huo si uongo, wapendwa. Lakini ukweli pia sio.

Mzunguko wa pili uliletwa na mhudumu mwingine, kijana. Aliweka glasi moja moja, akafika kwangu, akainama na kusema, "Hii ndiyo yako, Pasta. Haina pombe."

Meza ikanyamaza. "Pasta? Wewe ni pasta?"

Nikacheka. "Ah, hilo ni jina la utani tu."

Yule kijana akaniangalia mara moja, akachukua trei yake, akaenda. Alipogeuka ndipo nikamtambua vizuri. Ni kijana wetu wa Embu, aliyekuwa akiongoza sifa. Ameniruhusu niandike haya, ila jina lake naliacha.

Jogoo hakuwika usiku ule, na muziki ulikuwa juu. Lakini mimi nilimsikia.

Nilitoka nje nikamtafuta. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye aliyeniomba msamaha! "Pasta, sikutaka kukuaibisha. Nilidhani wanajua." Nikakumbuka kikao kimoja cha miaka miwili nyuma. Tulimsimamisha kuimba kwa sababu alipata kazi ya kubeba pombe hotelini. Kikao hakikuchukua hata dakika kumi. Hakuna aliyemuuliza anasomesha nani na mshahara ule. Mkono wangu ulikuwa kati ya iliyoinuliwa. Sasa yeye ambeba glasi ndiye aliyeniita jina langu, na mimi niliyemhukumu ndiye niliyelikana.

Haya, tujifunze.

1. Shida ya Petro haikuwa moto

Usiku ulikuwa wa baridi, na Petro aliota moto na watu wengine. Hakuna andiko linalomlaumu kwa kuota moto. Kilichomliza ni kwamba alitaka joto la ule moto bila kujulikana ni wa nani. Kijakazi alipomtambua, akakana. Mpendwa, swali la kwanza huwa tunauliza, "Je, Mkristo anaweza kuingia mahali pale?" Nakuongezea lingine: ukiingia, unaweza kuitwa jina lako mbele ya wote na usibabaike? Kama huwezi, usiende. Na kama umeshaenda, itika.

2. Danieli hakuficha kikombe chake

Meza ya mfalme wa Babeli ilikuwa ya kifahari kuliko hoteli yoyote unayoijua. Danieli aliamua moyoni, kisha akaenda kwa mkuu wa matowashi akasema waziwazi. Akaomba mboga na maji kwa siku kumi. Hakuomba maji yatiwe kwenye kikombe cha divai ili afanane na wenzake. Maji yake yalionekana ni maji. Mimi uamuzi wa moyoni nilikuwa nao. Kilichonipungukia ni mdomo.

3. Nehemia alibeba kikombe

Huyu ndiye aliyenipiga zaidi. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Kazi yake ilikuwa kumpelekea mfalme divai. Na ni akiwa kazini, divai ikiwa mbele ya mfalme, ndipo Mungu alipomfungulia mlango wa kwenda kujenga ukuta wa Yerusalemu. Siwaambii vijana mkimbilie kazi za baa. Kazi zile zina mitego, na anayeweza kupata nyingine aombe na aitafute. Ninachosema ni kwamba kabla hatujamwondoa mtu kwenye ukuta kwa sababu ya trei anayobeba, tuketi naye kwanza tumsikilize.

4. Bei haiitakasi pombe

Nilisomea biashara, kwa hivyo mniruhusu hesabu kidogo. Dawa yenye toti mbili za mililita 30, vodka ikiwa ya asilimia 40, ina mililita 24 za kileo chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4 ina mililita 20. Asali na ndimu hazikupunguza kitu, zimefunika ukali tu. Sasa zile shilingi 900 ni za nini? Unalipia kiti, taa, mlinzi getini, na zaidi ya yote unalipia kutoonekana. Mlevi wa sokoni analala mtaroni na mtaa mzima unajua. Mlevi wa hotelini anafunguliwa mlango wa gari na kuitwa boss.

Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo. Wahubiri wengi walinguruma, na ilistahili. Lakini mara ya mwisho kusikia mahubiri juu ya baa ya hoteli ilikuwa lini? Pengine tunanyamaza kwa sababu wanaoketi huko ndio wanaotusaidia kuezeka kanisa. Maskini tunamkemea, tajiri tunampigia makofi kwenye harambee. Huo si upendo kwa yeyote kati yao.

Moto wa pili

Baada ya kufufuka, Bwana aliwasha moto mwingine wa makaa kando ya bahari, na hapo akamrudisha Petro. Jumatatu yake niliwapigia simu wenzangu mmoja mmoja, nikawaambia mimi ni mchungaji na kwamba niliwadanganya. Watatu walicheka. Wa nne alikaa kimya sana, halafu akasema, "Ungesema usiku ule, ningekueleza yanayonisumbua. Siwezi tena kulala bila kunywa." Wapendwa, nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka kwake saa tatu nzima.

Sasa tunazungumza kila wiki. Ile kesi ya kijana nimeirudisha mbele ya wazee, na nimekiri sehemu yangu. Kijana mwenyewe bado hajarudi ibadani. Aliniambia atafikiria. Ana haki ya kufikiria.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni mahali gani ambapo hungependa mtu akuite "ndugu" au "dada" kwa sauti? Kwa nini?
2. Kazini kwako, ni nani anayejua kwamba umeokoka? Alijuaje?
3. Je, kuna mtu tuliyemwondoa kwenye huduma bila kumsikiliza? Nani atamtembelea wiki hii?

Tuombe

Bwana, utusamehe tulipotaka joto bila jina lako. Uwakumbuke wanaokunywa mtaroni na wanaokunywa kwenye viti vya ngozi. Uwalinde watoto wetu wanaofanya kazi usiku. Na tukiitwa, utupe neema ya kuitika. Amina.